Bi Rudia na Maji Yangu ya Limau

Wifi yangu hajawahi kuamini jambo mara ya kwanza. Ukimkimbilia kumwambia nyumba inaungua, atakuuliza umeiona mwenyewe au umeambiwa, na kama umeiona, ulikuwa umesimama upande gani wa barabara. Nimeolewa na mdogo wake wa kiume miaka ishirini na sita sasa, na sidhani kama amemaliza kuichunguza ndoa hiyo.

Yeye ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kina cherehani mbili, dirisha moja, kioo kirefu chenye ufa usawa wa magoti, na pazia la kijani pembeni ambako wateja hubadilishia nguo. Cherehani ya pili ni yangu, ingawa kazi yangu kubwa si kushona: nakunja mapindo, natia vifungo na zipu, na napokea lawama za nguo zilizochelewa. Jina la Bi Rudia walimpa wateja. Akikupima kiuno anaandika, kisha anakuzungusha na kukupima tena, utadhani wewe ni mtu mwingine aliyeingia sasa hivi. Vipimo viwili visipolingana anapima cha tatu, na hapo ole wako uwe umevuta tumbo ndani.

Madaftari ya vipimo amejaza kumi na saba, yale makubwa ya jalada gumu. Kila mteja ana ukurasa wake: tarehe, kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono, shingo. Watu wanadhani siri za mtaa wanazo wambea. Wambea wanajua wanachoambiwa tu. Wifi anajua inchi zako. Akija mteja na kusema, "Nishonee kwa vipimo vya mwaka juzi, sijabadilika," wifi anafungua daftari, anamtazama kuanzia juu mpaka chini, anafunga daftari, anavuta futi yake ya kitambaa inayoning'inia shingoni.

Ni madaftari hayo yaliyomharibu, ukiniuliza mimi. Mwaka ule ambao kila mwanamke alikuwa anakunywa maji ya moto kabla ya kula, walikuja wateja kumi na sita wakitamba kwamba wamepungua. Wifi aliwapima wote. Kumi na moja walikuwa vilevile, watatu wameongezeka, wawili ndio waliopungua.

"Si unaona!" nikamwambia. "Wawili wamepungua."

"Mmoja ametoka kujifungua," akasema, pini zikiwa mdomoni.

"Na wa pili?"

"Amehamia ghorofa ya nne, na lifti yao imekufa."

Redio yetu ndogo, iliyo juu ya kabati, ndiyo iliyokuwa ikimpandisha presha, kama presha hiyo kweli ipo, maana hakuwahi kukubali ipimwe mara moja tu. Kila siku saa nne asubuhi anakuja yule mtaalamu wa afya mwenye sauti nzito. Akitamka tu "utafiti umeonyesha", wifi anaondoa mguu kwenye pedali ili asikie vizuri kile anachojiandaa kukikataa. Utafiti umeonyesha wanaokunywa kahawa wanaishi miaka mingi. "Wamerudia?" anaiuliza redio. "Au wenye miaka mingi ndio wenye nafasi ya kukaa wakanywa kahawa?" Miezi miwili baadaye mtaalamu yuleyule akasema kahawa inauchosha moyo. "Kahawa ileile?" wifi akauliza, na wateja watatu waliokuwa wanasubiri wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Nimtendee haki kidogo. Sigara alizikubali kuwa mbaya. "Hilo wamelirudia mpaka wamechoka," alimwambia mume wangu, akamnyang'anya pakiti, akaikatakata kwa mkasi wa kitambaa, mkasi ambao mimi nikiugusa kwa karatasi natukanwa. Mume wangu hajavuta tangu siku hiyo. Lakini mambo aliyoyakubali kwa namna hiyo yalihesabika kwenye vidole vya mkono mmoja.

Kisha kikatokea kisa cha mizani. Alikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kikohozi, nesi akamwambia apande kwenye mizani kwanza. Wifi akainama akaitazama sindano kabla hajapanda. "Mwanangu," akasema, "mizani yako imeanza kwenye kilo tatu na mimi bado niko chini. Hizo kilo tatu ni za nani?" Nesi wa watu akairekebisha, yakaisha. Lakini wifi alikisimulia kisa hicho kwa kila mteja aliyevua nguo nyuma ya pazia, na wateja wakakibeba wanavyotaka wao. Wifi alisema sindano haikuwa kwenye sifuri. Mtaani ikawa hospitali hakuna vipimo vya kuaminika. Mimi nilikuwa wa kwanza kukieneza hivyo, kwa sababu naogopa sindano za aina zote.

Maana mimi ni mtu wa kuamini. Sioni haya. Nimelalia ubavu wa kushoto mwaka mzima kwa sababu niliambiwa moyo unapenda. Nimekula kitunguu saumu kibichi asubuhi na jioni mpaka mume wangu akahamia kwenye kochi. Binamu yangu hunitumia ujumbe wa afya kwenye simu kila anapoamka, nami huufuata kabla sijapiga mswaki. Wifi akinicheka, namwambia roho yake imejaa vumbi la chaki.

Ndivyo yalivyoingia maji ya limau. Binti yangu alikuwa amechumbiwa, harusi ikawa miezi mitano mbele, na mimi mama wa bibi harusi nilikuwa na kiuno cha inchi arobaini na mbili. Wifi alinipima gauni la zambarau, akaandika, akarudia, akaandika tena. Wiki hiyohiyo binamu akaniletea karatasi iliyochapwa pande mbili, bila jina la aliyeiandika: limau mbili na tangawizi, lita mbili za maji, kila siku. Chini yake waliandika maelezo ambayo niliyashika kwa moyo. Utasikia kiu kali. Hiyo ni dawa inaanza kazi. Utakwenda msalani mara nyingi. Hiyo ni sumu inatoka. Utachoka, ni mwili unajijenga upya. Macho yatafifia mara mojamoja. Ni mafuta yanayeyuka kichwani.

Na yote yakaja, moja baada ya jingine. Nilikunywa, nikasikia kiu, nikanywa zaidi. Nilikwenda msalani mpaka wateja wakaniuliza kama nina mgeni huko. Siku nyingine uzi ulikataa kabisa kuingia kwenye tundu la sindano, siku nyingine ukaingia bila tabu, na mimi nikafurahi kwamba mafuta ya kichwani yanayeyuka. Sikuwahi kuona dawa inayotimiza ahadi zake namna hiyo.

Wiki ya tatu wifi alinipima tena. Arobaini na nusu. Nilipiga kigelegele peke yangu mbele ya kioo. Mwezi wa pili ikawa thelathini na tisa, nami wakati huo nakula sahani mbili na kumalizia za wengine. Wateja walianza kunishika kiuno na kuniuliza siri. Nilitoa nakala ishirini za ile karatasi nikaziweka karibu na daftari la wifi, makusudi.

Kilichonishangaza ni kwamba wifi hakunicheka. Mwanamke aliyeibishia redio miaka yote hiyo aliisoma ile karatasi pande zote mbili, akairudisha mahali pake. Badala yake alinizulia desturi: kila Ijumaa kabla ya kufungua, "Wifi, njoo hapa." Ananipima kila kitu, mpaka mkono na shingo, anarudia, anaandika, anafunga daftari, ananiambia zipu za sare za shule zinasubiri. Nikasema moyoni, hicho ni kijicho. Amezoea kunishinda, sasa maji ya limau yamemshinda.

Wiki ya kumi na nne aliniita Ijumaa kama kawaida, lakini hakufunga daftari.

"Wifi, nenda ukapime damu."

Wateja wanne walikuwa wamewahi, wako ndani tayari. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo miaka ishirini na sita. Nikajishika kiuno changu kipya, nikamuuliza, "Wamerudia?"

Chumba kizima kikacheka. Yeye hakucheka.

"Sitanii."

"Hospitali ipi hiyo? Ile yenye kilo tatu zisizo na mwenyewe?" Nilinogewa, acha niseme ukweli. "Leo mizani yao imepona? Wewe si ndiye uliyetufundisha tusiwaamini?"

"Sikuwahi kusema msiende. Nilisema watazame sindano." Alinivuta mbele ya kioo, akaweka kidole kwenye mshono wa bega la gauni langu. Mshono ulikuwa umeteremka mkononi. "Nimeshona watu miaka thelathini na moja. Mtu akijinyima anapungua tumbo, anapungua nyonga. Wewe hujinyimi, unakula kuliko mimi na mumeo. Na umepungua bega. Umepungua mkono inchi moja na nusu. Limau linajua njia ya kwenda begani?"

"Maji yanafika kila mahali," nikamjibu, na wateja wakanishangilia.

Angekuwa mtu mwingine angenuna. Wifi alivuta kiti akakaa mbele yangu, akazungumza kwa sauti ya chini, jambo ambalo lilinikosesha raha zaidi kuliko kelele.

"Basi tujaribu. Wiki mbili usiyanywe hayo maji. Kama ndiyo yanayokupunguza, ukiyaacha utabaki ulivyo au utaongezeka. Hapo nitakuomba radhi mbele ya hawahawa, na nitakunywa lita mbili kila siku mpaka harusi. Ukiendelea kupungua, tunakwenda kupima."

Nani angekataa? Nilitaka kumwona akikunja uso kwa limau. Nikakubali mbele ya mashahidi wanne.

Maji niliyaacha kweli, naapa. Lakini kiu haikuniacha. Nikawa nakunywa maji matupu, jagi baada ya jagi, na msalani nikaendelea kwenda vilevile. Wiki ya pili sketi yangu ya kazini ilianza kunizunguka mwilini, zipu ya nyuma ikawa inakuja mbele. Hapo nikapata wasiwasi, lakini si wasiwasi wa ugonjwa. Nilikuwa na wasiwasi wa kushindwa.

Kwa hiyo siku ya kipimo nilivaa shimizi mbili, nikajifunga shali ya sufi kiunoni mizunguko miwili, juu yake nikavaa gauni pana. Mume wangu akaniona natoka nyumbani natokwa jasho saa mbili asubuhi. Akaniuliza kuna baridi gani. Nikamwambia asiingilie mambo ya wanawake.

Wale wateja wanne walikuwa wamefika kabla yangu, hata mmoja ambaye nguo yake ilikuwa imeshachukuliwa siku nyingi. Wifi alipitisha futi kiunoni.

"Arobaini na moja," akasema.

"Haya!" nikapiga makofi. "Nimeacha maji, nimenenepa. Limau ziko wapi, tumkamulie?"

Wifi alirudia. Arobaini na moja. Kisha akainua futi mpaka shingoni kwangu. Nilianza kwenye inchi kumi na tano siku ile ya gauni la zambarau, Ijumaa iliyotangulia wiki mbili hizi ilikuwa kumi na nne. Sasa futi ilisema kumi na tatu na nusu.

"Shingo umeivalisha nini?" akaniuliza taratibu.

Shingoni nilikuwa nimevaa ngozi yangu tu.

Alinipeleka nyuma ya pazia, akanivua gauni, akafungua shali mzunguko mmoja, akafungua wa pili, akanivua shimizi ya juu, akaniacha na ile moja. Hakunisuta. Alifungua pazia la upande wa kioo nikajiona. Miezi yote hiyo nilikuwa najitazama kiunoni tu. Sasa niliona mifupa ya mabega, na mikono ya mama yangu alipokuwa anaugua. Niliogopa hofu ambayo sikuwahi kuogopa, na wateja wale wanne, ambao waliweza kucheka kitu chochote, hawakucheka.

Tulikwenda kituo cha afya asubuhi ileile. Kwenye foleni nilimenya chungwa nikala, kwa sababu njaa nayo ilikuwa haiishi. Nesi, yuleyule wa mizani, alipotuona alikwenda moja kwa moja kuitazama sindano kabla hata ya kutusalimu. Alinitoboa kidole, akaweka tone kwenye kile kimashine kidogo cha sukari. Ikasoma ishirini na sita, wakati ya mtu mwenye afya haifiki hata kumi.

"Rudia," wifi akasema.

"Mama, hii mashine ni mpya."

"Sisemi mashine. Alikuwa anamenya chungwa sasa hivi, hajanawa. Hiyo sukari inaweza kuwa ya chungwa."

Nesi alinitazama vidole, akatazama maganda mapajani mwangu, akacheka kidogo. "Hapo umesema kweli," akakubali. Nikapelekwa kwenye bomba, nikanawa kwa sabuni, nikakaushwa, nikatobolewa kidole kingine. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo liwe chungwa. Nilimpenda wifi yangu kwa dakika ile nzima, na ubishi wake wote, nikawa naomba awe sahihi kama alivyokuwa sahihi kila siku.

Ishirini na tano.

"Zinakaribiana," wifi akasema. Aliukamata ukingo wa meza.

Nesi akaniuliza hali hii ilianza lini. Nikasema sijui, labda mwezi. Wifi akafungua daftari alilokuja nalo, akamsomea tarehe baada ya tarehe, inchi baada ya inchi, na pembeni, kwa maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyaona, alikuwa ameandika: leo ameshindwa kutunga uzi, leo msalani mara tisa, leo amelala juu ya cherehani. Nesi aliufuata ukurasa kwa kidole mpaka mwisho. Akasema nina bahati kwamba nimeingia kwa miguu yangu, kwani wengine wenye sukari hiyo huletwa wamebebwa. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa mbona mmekaa mpaka leo?"

Tukaambiwa tumsubiri daktari. Tulikaa kwenye benchi la korido, wifi amekumbatia daftari. Nilijiandaa kwa maneno yake, maana siku hiyo alikuwa na haki ya kuniambia lolote. Nikageuka nikaona macho yake yako begani mwangu.

"Wifi, mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Tangu kipimo cha pili. Bega lilipopungua nikajua hilo si limau. Nikasema ngoja nipime tena Ijumaa. Ijumaa nikasema ngoja na ijayo. Nilitaka nikikwambia niwe na uhakika. Nisije nikawa kama wale wa redio."

"Wiki kumi na moja?"

"Kumi na moja."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Huyu mtu amenizungusha mbele ya kioo kila Ijumaa, ameandika ninavyokwisha, kisha akafunga daftari na kuniagiza zipu! Nilimwambia hivyo, na si kwa sauti ya hospitali. Korido nzima ikageuka. Mzee mmoja mwenye bandeji mguuni alihama kutoka benchi la mbali akaja la jirani yetu.

"Mimi nimeamini watu elfu nisiowajua!" nikamfokea. "Nimeamini karatasi isiyo na mwenyewe! Wewe ungeniambia tu, wifi, sina uhakika ila nina wasiwasi na wewe, ningekuja hapa siku hiyohiyo."

"Usingekuja," akasema.

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikamkumbuka mwanamke yule niliyekuwa wiki zile, anapiga kigelegele mbele ya kioo. Angeambiwa neno hilo angesema ni kijicho, na angekwenda kukamua limau nyingine.

"Nisingekuja," nikakubali. "Lakini wewe ungesema."

Aliliweka daftari benchini.

"Ningesema," akajibu, na machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Yule mzee alitunyoshea leso yake. Kabla hatujaamua nani aichukue, nesi akachungulia mlangoni akaniita kwa daktari. Nilisimama. Wifi alibaki amekaa.

"Twende," nikamwambia.

"Sijui atasema nini mle ndani," akasema. "Naogopa."

Miaka ishirini na sita sikuwahi kumsikia akitamka jambo ambalo hajalipima. Nikamwambia hata mimi naogopa, nikamshika mkono, tukaingia.